Wataalam wa ubongo njooni: kwanini viini vya seli kwenye serebelamu havifanani wakati DNA ni ileile?

kijana_wa_Mabibo aliandika:

Habari zenu wakuu, poleni na hili joto la Dar.

Mi ni mwanafunzi mwaka wa kwanza kozi ya afya, chuo kimoja hapahapa mjini. Tumeanza histolojia (kuangalia tishu za mwili kwa maikroskopu) na kuna kitu kinanisumbua, nimewauliza wenzangu wa kundi wananiambia we kariri tu utafaulu, sasa mi kitu nisichokielewa hata nikikariri siku ya mtihani kinayeyuka chote.

Ishu yenyewe ni hii. Kwenye slaidi ya serebelamu, ule ubongo mdogo wa kisogoni, kuna tabaka limejaa viini vidogovidogo vyeusi vimebanana balaa, halafu juu yake kuna mstari wa zile seli kubwa za Purkinje, moja hapa moja pale, na kiini chake ni kikubwa, cheupe, katikati kuna doti moja nyeusi. Zote ni seli za neva, zote za mtu mmoja, DNA imetoka yai moja. Sasa inakuwaje kiini kimoja kimejifunga cheusi na mwenzake amejiachia mweupe hivyo? Ile kubwa ina DNA nyingi zaidi au? Na mtoto akiwa tumboni viini vinaanza hivyohivyo au vinabadilika njiani? Kitabu changu kinasema kiini kinatunza DNA, nukta, kinahamia kwenye mitokondria.

Msinicheke jamani. Nawasilisha.

Mpiga_Ramli_wa_Tandika:

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa palee na kahawa yangu na kashata.

Fundi_Slaidi:

Mdogo wangu swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Mi nipo maabara ya histolojia kitambo, wanafunzi wengi wanaipita hiyo slaidi wakitafuta tu Purkinje iko wapi wachore waondoke, hakuna anayeuliza kwanini ile nyeupe na ile nyeusi.

Tuanze na hilo la DNA nyingi. Hata wakubwa waliwahi kuliamini. Miaka ya 1960 kuna watafiti walipima DNA kwenye viini vya Purkinje wakaona kama ni mara mbili ya kawaida, ubishi ukawa mrefu, ila vipimo vilivyokuja baadae vikaonyesha Purkinje karibu zote zina seti mbili tu za kromosomu sawasawa na hizo ndogo. Kwa hiyo tofauti unayoiona sio wingi wa DNA, ni mpangilio wake na kazi inayofanyika humo ndani. Purkinje ni seli kubwa sana, matawi yake yanapokea miunganiko zaidi ya laki moja, inatakiwa itengeneze protini mfululizo, so kromatini yake (yaani DNA ikiwa imeviringishwa kwenye protini) sehemu kubwa imelegea, iliyolegea haishiki sana rangi ndo maana kiini unakiona cheupe, na hiyo doti ni nukleolasi, hapo ndipo ribosomu zinapoanza kutengenezwa. Zile ndogo nyeusi ni seli za granyuli, mwili mdogo na vitawi vifupi vichache tu, sehemu kubwa ya kromatini imefungwa mabonge mabonge, ile rangi ya slaidi, hematoksilini, inang'ang'ania hapo.

Na usizidharau hizo nyeusi. Kuna mama mmoja wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, yeye na wenzake walichoka na zile hesabu za kukisia eti ubongo una seli bilioni mia, wakachukua ubongo wakausaga kwenye maji ya sabuni mpaka seli zote zikapasuka, vikabaki viini vinaelea, yaani supu ya viini. Seli moja kiini kimoja, kwa hiyo ukihesabu viini kwenye tone la hiyo supu unapata idadi ya seli, na vya neva unavitambua kwa alama ya protini inayoitwa NeuN ambayo inakaa humohumo kwenye kiini. Mwaka 2009 wakatoa majibu: ubongo wa binadamu una neva kama bilioni 86, na bilioni 69 kati ya hizo zipo serebelamu, karibu zote ni hizo granyuli zako. Gamba la ubongo mkubwa tunaloringia nalo lina bilioni 16 tu.

Swali lako la mtoto tumboni naona lina mambo mengi, nakula kwanza narudi.

Mzee_wa_Hoja:

Mkuu Fundi ukirudi unisaidie na mimi. Niliwahi kusikia kwamba kiini cha seli ya ubongo wa kijusi "kinatembea". Kinatembea kivipi wakati kipo ndani ya seli? Na nani kakiona kikitembea? Hizi habari za kisayansi saa nyingine ni za kuungaunga.

Fundi_Slaidi:

Nimerudi. Mzee wa Hoja umeniwahi, ndo nilikuwa naanzia hapohapo.

Mwanzo kabisa ubongo ni bomba tu, mrija wa neva, unajifunga kufikia kama siku ya 28 tangu mimba itungwe (usipojifunga vizuri ndo tunapata mgongo wazi, ndo maana akina mama wanasisitiziwa foliki asidi hata kabla ya kushika mimba). Ukuta wa huo mrija ukiuangalia kwenye maikroskopu unaona viini vimepangana ghorofa ghorofa, utadhani kuna tabaka nyingi za seli. Kumbe ni tabaka moja! Kila seli ni ndefu nyembamba, mguu mmoja ndani kwenye uwazi wa maji, mwingine nje, ila viini vyake vipo kwenye urefu tofauti.

Zamani Mswisi mmoja, Wilhelm His, aliona zile seli za duara zinazogawanyika kule ndani kwenye uwazi akasema hizi ni aina yake na zile za nje ni aina nyingine. Mwaka 1935 akaja F. C. Sauer, akachunguza viinitete vya kuku na nguruwe akasema hapana, ni seli zilezile, kinachobadilika ni kiini kupanda na kushuka. Kikitaka kunakili DNA kinakuwa upande wa nje, kikimaliza kinashuka ndani, kinagawanyika hukohuko kwenye uwazi, watoto wanapanda tena. Miaka ya mwishoni mwa 1950 wakaweka thaimidini yenye mionzi, ambayo inaingia kwenye DNA inayonakiliwa tu, na kweli ile alama ilianza kuonekana nje halafu ikahamia ndani kadri masaa yalivyopita. Siku hizi wanapaka kiini rangi ya kung'aa wanakirekodi video kikitembea. Kwa hiyo mzee wangu kimeonekana, hakuna kuunga hapo.

Kinachokivuta kinajulikana pia. Ndani ya seli kuna maikrotubuli, nyuzi ngumu kama reli, na kuna protini mota zinazotembea juu yake. Kwenye ubongo wa panya kinachokipandisha ni kainesini, kinachokishusha ni daineini, na daineini inajishikiza kwenye vitundu vya utando wa kiini chenyewe. So kiini hakielei tu hovyo, kinabebwa.

Kasheshe inakuja pale neva changa inapotakiwa kuhama kutoka ilikozaliwa kwenda kwenye tabaka lake la gamba. Seli inatanguliza mkono mbele, sentrosomu (kile kitovu cha hizo maikrotubuli) inasogea, halafu kiini kinavutwa kwa mruko, kinasimama, kinaruka tena. Sasa kiini ndo kitu kikubwa kuliko vyote humo ndani na njia ni nyembamba, kinapita kama konda wa gari la Mbagala saa kumi na mbili jioni, kinajibana, kinarefuka, kinajipinda mpaka kifike mbele. Kikiwa kigumu sana hakipiti, kikiwa laini kupitiliza kinapasuka.

Dada_Optika:

Fundi hapo kwenye ugumu na ulaini naomba niongezee, ndo sehemu naipenda.

Chini ya utando wa kiini kuna wavu wa protini unaitwa lamina, umetengenezwa na lamini A/C na lamini B1 na B2. Lamini A ndo inakipa kiini ugumu, kwenye mfupa na msuli ipo nyingi. Kwenye neva za ubongo lamini A ni kidogo sana, sababu kuna kipande kidogo cha RNA kinaitwa miR-9 kinachoizuia isitengenezwe (hilo lilitoka 2012). Na hapo ndo unaelewa kitu cha ajabu kuhusu watoto wenye projeria, wale wanaozeeka wakiwa wadogo. Ugonjwa wao unatokana na jeni ya lamini A, ilijulikana 2003, mishipa ya damu inaharibika, nywele zinaisha, ngozi inakunjamana, lakini akili zao ziko timamu kabisa, wanasoma na wenzao. Ile protini mbovu kwenye neva haitengenezwi kwa wingi.

Lamini B ni stori nyingine. Panya waliozaliwa bila lamini B1 au B2 ubongo ulikuwa mdogo, tabaka za gamba zimevurugika, na viini vya neva vina maumbo ya ajabu, vya kukosa B2 vimerefuka sana. Wanakufa wakizaliwa. Kwa binadamu mabadiliko kwenye hizi jeni yameonekana kwa watoto wenye vichwa vidogo. Na hata ikizidi ni shida, mtu akiwa na nakala ya ziada ya lamini B1 anakua vizuri tu, ila akifika utu uzima, miaka arobaini au hamsini hivi, mafuta yanayofunika nyaya za neva yanaanza kuharibika. Kwa hiyo hata ikipungua shida, hata ikizidi shida.

Nyingine ya macho maana ndo fani yangu. Retina inatokana na ubongo, mnakumbuka? Kawaida kromatini iliyofungwa inakaa pembeni imegandana na utando, iliyo wazi inakaa katikati. Sasa panya akizaliwa, seli zake za rodi (zile za kuona kwenye mwanga hafifu) zinakuwa hivyohivyo, ila wiki zinavyosonga mpangilio unageuka ndani nje, iliyofungwa yote inakusanyika bonge moja katikati na iliyo wazi inakaa pembeni. Irina Solovei na wenzake wa Munich walilitoa hilo 2009. Sababu? Panya ni mnyama wa usiku, na mwanga kabla ya kufika kwenye sehemu ya kuupokea inabidi upite kwenye safu za viini. Kiini cha kawaida kinatawanya mwanga, kilichogeuzwa kinaukusanya kinaupitisha kwa mwenzake. Sisi wa mchana hatunacho hicho, cha kwetu ni cha kawaida. Baadae wakagundua kinachogeuza ni kukosekana kwa kamba mbili zinazofunga kromatini pembeni, protini ya LBR na lamini A/C. Zikiondoka zote, bonge linaachia linaenda katikati. Mi niliposoma hii nilitamani nimpigie mtu simu usiku uleule.

Mpiga_Ramli_wa_Tandika:

Yani panya ana lenzi kwenye kiini cha seli na mimi navaa miwani ya Kariakoo. Haya endeleeni.

Mama_Ilham:

Shikamooni wakubwa, wengine habari. Samahani naingilia mada ya wasomi. Mtoto wa mdogo wangu alipigwa picha ya kichwa wakaambiwa ubongo wake hauna mikunjo, uko laini, ana degedege sana. Hapo mmesema kiini kinaweza kukwama njiani. Ndo hilo hilo au ni kitu kingine? Maana huku nyumbani kila mtu ana lake, wengine wanasema mama yake alikula nini sijui, wengine wanasema mambo ya kishirikina.

Dokta_Chipukizi:

Marahaba mama, na poleni sana.

Nitajibu kwa ujumla tu maana mtoto mwenyewe sijamuona wala picha zake. Hali ya ubongo kukosa mikunjo inaitwa lisensefali, na ndiyo, mara nyingi chanzo ni neva kushindwa kuhama vizuri, hazikufika kwenye tabaka zake. Jeni ya kwanza kujulikana iliitwa LIS1, mwaka 1993, ipo kromosomu ya 17, na kazi ya protini yake ni kuisaidia ile daineini aliyoisema Fundi kuvuta kiini. Nusu ya protini hiyo ikikosekana kuvuta kunakuwa dhaifu, neva zinaishia njiani, na hali ndo inakuwa hiyo. Nyingine ni DCX, iligunduliwa 1998, hii ipo kwenye kromosomu X, kwa hiyo mtoto wa kiume anapata ubongo laini, wa kike mara nyingi anapata nusu nusu, neva nyingine zinafika na nyingine zinabaki tabaka la pili chini ya gamba. Zipo jeni zingine pia, na maambukizi ya virusi tumboni yanaweza kuchangia kwa baadhi.

Uhamaji huu unafanyika zaidi kati ya mwezi wa tatu na wa sita wa mimba, na mabadiliko ya jeni mara nyingi yanatokea tu yenyewe, hata wazazi hawanayo. Kwa hiyo hilo la mama alikula nini waambieni waliache, mdogo wako ana mzigo wa kutosha. Cha muhimu kwa sasa ni degedege, mtoto awe kwenye mikono ya daktari wa neva za watoto, dawa zisikatishwe hata akionekana kapata nafuu. Na mkipanga mtoto mwingine ulizeni kuhusu ushauri wa kijenetiki mapema, daktari wenu atawaelekeza.

Mama_Ilham:

Mungu akubariki mwanangu. Nimempigia picha ya skrini nimemtumia, kalia kidogo kisha akasema bora kajua.

Mzee_wa_Hoja:

Sawa nimekubali kinatembea. Swali la kijana lakini bado halijaisha. Neva ikishafika kwake, kiini kinabaki vilevile mpaka kufa?

Fundi_Slaidi:

Hapana, ndo kwanza kinaanza kupangwa upya. Seli ikiacha kugawanyika inabadilisha hata baadhi ya vipuri vya zile mashine zinazofungua kromatini, kuna kundi la protini linaitwa BAF, seli mama inatumia toleo moja, neva ikishazaliwa inatumia jingine. Kwenye panya yale mabonge ya kromatini iliyofungwa yanaungana, yanakuwa machache makubwa. Na baada ya kuzaliwa DNA ya neva inaongezewa alama za methaili (vibandiko vidogo vya kikemikali) sehemu ambazo seli nyingi za mwili hazinazo, kwa binadamu zinaongezeka kasi miaka ile ya mwanzo na zinaendelea mpaka ujanani. Protini inayosoma alama hizo inaitwa MeCP2, kwenye neva zilizokomaa iko nyingi ajabu. Jeni yake ikiharibika ndo ugonjwa wa Rett, maabara ya Huda Zoghbi kule Houston waliligundua hilo 1999. Mtoto wa kike anazaliwa vizuri, anakaa, anaanza kushika vitu, halafu kati ya miezi 6 na 18 anaanza kurudi nyuma, anapoteza maneno, mikono inakuwa kama inanawa muda wote. Neva zake hazikufa, zipo. Na mwaka 2007 kule Edinburgh, maabara ya Adrian Bird, walirudisha jeni hiyo kwa panya ambao tayari wanaumwa wakapata nafuu kubwa. Panya lakini, tusikimbilie kutangaza dawa.

Halafu Mzee wa Hoja hapa utapenda. Neva haigawanyiki tena, so DNA yake haibadilishwi. Mwaka 2005 watafiti wa Stockholm walipima kaboni 14, ile kaboni yenye mionzi, kwenye DNA ya neva za gamba. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 mpaka mkataba wa 1963 yalijaza hiyo kaboni hewani, baadae ikawa inapungua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo DNA inabeba alama ya mwaka ilipotengenezwa. Neva za gamba zikakutwa na umri wa mwenye nazo. Na kwa panya baadhi ya protini za vile vitundu vya utando wa kiini zilikutwa zilezile baada ya mwaka mzima, hazijabadilishwa. Mi nadhani kwenye uzee ndo tutakuja kusikia mengi kuhusu hivyo vitundu.

Dada_Optika:

Na tusisahau kwamba hata kile kibonge cha kromosomu X iliyozimwa (majike wana X mbili, moja inazimwa inajikunja) kilionekana mara ya kwanza kwenye kiini cha neva. 1949, Murray Barr na mwanafunzi wake Bertram, kule London ya Kanada sio ya Uingereza, walikuwa wanachunguza neva za paka zikichoka, wakaona kuna kidoti pembeni ya nukleolasi kwa baadhi ya paka na wengine hawana. Kuja kuangalia rekodi, wenye kidoti wote majike.

kijana_wa_Mabibo:

Aisee wakuu mmeshusha nondo mpaka nimeishiwa bando katikati ikabidi nikaombe kwa jirani. Kwa hiyo nikiulizwa naandika tofauti ni mpangilio wa kromatini na kazi ya seli, sio kiasi cha DNA. Swali la mwisho, hizo granyuli na zenyewe zilihama? Na kuna slaidi naweza kuona zikiwa njiani?

Fundi_Slaidi:

Zilihama tena kwa kinyume, zenyewe zinatoka nje kwenda ndani. Mtoto mchanga ana tabaka la ziada juu kabisa ya serebelamu, granyuli zinagawanyika huko hata baada ya kuzaliwa, halafu zinashuka zinazipita Purkinje zinakaa chini yake. Kwa mtu mzima hilo tabaka la juu halipo tena.

Muombe mtu wa maabara slaidi ya serebelamu ya panya wa kama wiki moja, maabara nyingi wanayo imelala kabatini. Anza juu kabisa, utaona viini vinavyogawanyika, shuka kidogo kwenye tabaka la katikati utakuta viini vimerefuka vyembamba vimesimama wima, hivyo ndo vipo njiani. Tumia lenzi ya 40, ya 100 itakupotezea ramani.

kijana_wa_Mabibo:

Poa mkuu, Jumatatu namvaa. Na kundi langu lote naenda nalo wakaone wenyewe.

Mpiga_Ramli_wa_Tandika:

Kahawa imeisha. Mods wekeni huu uzi juu.